Ugonjwa Ukipandwa kwa Makusudi: Hasara Ianziayo Zizini na Kuishia Sokoni



Katika mikutano yetu ya polisi na jamii kuna swali ambalo hurudi kila mara ng'ombe wanapoanza kutoa udenda au migomba inapoanza kunyauka. Husimama mtu mmoja, mara nyingi mzee, na kuuliza bila kuzunguka: "Je, ugonjwa huu haukuletwa na mtu?" Wengine hucheka, wengine hunyamaza, na mara nyingine hutokea mmoja akataja jina la kijiji kilicho ng'ambo ya pili ya mpaka. Tumeona si haki kuendelea kulijibu swali hilo kwa maneno mawili matatu huku kila mtu akitazama mawingu na kutaka kurudi nyumbani. Mzee aulizaye hivyo anauliza jambo la kweli, na jibu lake linagusa mifuko yetu sote, walio upande huu wa mpaka na walio upande ule.

Tuanze kwa kukiri kwamba jambo hilo limewahi kutendwa duniani, na kwamba waliotangulia kulitenda hawakuwa wahuni wa vichochoroni bali serikali kubwa zenye majeshi na maabara. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mawakala wa Ujerumani waliambukiza kwa siri farasi na nyumbu waliokuwa wakisafirishwa kutoka Marekani kwenda kuwatumikia maadui zao vitani. Mwezi Januari 1917 polisi wa Norway walimkamata Baron Otto von Rosen huko Karasjok, kijiji cha kaskazini ya mbali kilicho karibu na mpaka wa Finland, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Katika mizigo yake vilikutwa vipande vya sukari vilivyofichwa vimelea vya kimeta, vikiwa vimekusudiwa wanyama waliokuwa wakivuta shehena kuelekea Urusi. Baadhi ya vipande hivyo vilisahauliwa katika makumbusho ya polisi mjini Trondheim. Vilipogunduliwa tena mwaka 1997 na kupelekwa maabara, wanasayansi walikuta kwamba vimelea vile, baada ya miaka 80, vilikuwa bado vinaweza kuamka. Askari yeyote aliyewahi kukagua mizigo mpakani ataielewa habari hiyo bila kuelezwa zaidi.

Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilitengeneza keki za chakula cha ng'ombe zipatazo milioni 5 zenye kimeta, zikikusudiwa malisho ya Ujerumani. Hazikutumiwa kamwe, na baada ya vita ziliharibiwa. Lakini kisiwa kidogo cha Gruinard huko Scotland, ambako kimeta kilijaribiwa juu ya kondoo kuanzia mwaka 1942, kilibaki kimefungwa hadi mwaka 1990. Hebu mkulima afikirie ardhi ambayo kwa miaka 48 haikufaa kulishia hata mbuzi mmoja. Marekani nayo ilikuwa na akiba ya magonjwa ya nafaka, yakiwemo ya ngano na mpunga, hadi serikali yake ilipoamua mwaka 1969 kuachana na silaha za namna hiyo. Hatimaye mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Silaha za Kibayolojia, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 26 Machi 1975. Mwaka 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake namba 1540, lilizitaka nchi zote ziwe na sheria za kuwazuia hata watu binafsi na makundi yao wasizipate silaha hizo.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya jibu. Nusu ya pili ni nzito zaidi, nayo ndiyo tunayoomba isikilizwe kwa makini: magonjwa makubwa yaliyoiangamiza mali ya nchi zetu hayakupandwa na adui yeyote. Sotoka, ambayo babu zetu walihesabu miaka kwa kuitaja, iliingia katika pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Haikupita miaka kumi ikawa imefika kusini kabisa mwa bara, na katika sehemu nyingi iliua ng'ombe wanane au tisa kati ya kila kumi. Wafugaji waliokuwa matajiri wakawa ombaomba. Ilihitajika zaidi ya karne moja, pamoja na chanjo iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, hadi ugonjwa huo ukatangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Mnyauko wa kahawa ulionekana Bundibugyo mwaka 1993, jirani kabisa na mpaka wa Kongo, na katika miaka kumi hivi iliyofuata ukaangamiza sehemu kubwa ya mibuni ya Robusta ya Uganda. Mnyauko wa migomba ulitambuliwa Mukono mwaka 2001, kisha ukaenea hadi Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi, ukisaidiwa na visu na mapanga ambayo wakulima walitoka nayo mgomba mmoja hadi mwingine bila kuyasafisha. Ukisaka mkosaji wa mnyauko wa migomba utakuta mkononi mwako panga lako mwenyewe.

Kwa nini basi tulizungumze jambo hili, ikiwa maumbile na uzembe wetu vinatutosha? Kwa sababu anayetaka kulidhuru taifa kupitia shamba hatafuti kuua mifugo yote wala kukausha migomba yote. Hesabu yake ni nyingine kabisa, na ili kuielewa inatupasa kwanza kutazama hasara huangukia wapi.

Hasara huangukia wapi

Tarehe 20 Februari ilithibitishwa nchini Uingereza, mwaka 2001, kwamba nguruwe waliofikishwa katika machinjio moja ya Essex walikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Hapakuwa na adui. Uchunguzi ulielekeza kwenye shamba moja la nguruwe la kaskazini mwa nchi, ambako wanyama walilishwa mabaki ya vyakula yasiyopikwa ipasavyo na ambako ugonjwa ulikuwapo kwa majuma kadhaa bila kuripotiwa. Mwenye shamba alitiwa hatiani mahakamani baadaye. Ilipofika tarehe 23 Februari, siku serikali ilipopiga marufuku kuhamisha mifugo, kondoo walikuwa wamekwisha kupitia minadani na ugonjwa ulikuwa umeingia katika mashamba zaidi ya hamsini. Mwisho wake, mashamba 2,026 yalithibitishwa kuwa na ugonjwa na wanyama zaidi ya milioni 6 wakauawa, wengi wao wakiwa wazima, ili kuuzingira ugonjwa.

Gharama ilikadiriwa kuwa zaidi ya pauni bilioni 8. Serikali ilibeba takriban bilioni 3, na sekta binafsi takriban bilioni 5. Hapa ndipo palipo na somo: sehemu kubwa ya hizo bilioni 5 haikutoka kwa wafugaji. Ilitoka kwa wenye hoteli, mikahawa, magari ya watalii na maduka ya vijijini, kwa kuwa njia za mashambani zilifungwa na wageni hawakuja. Hata uchaguzi mkuu, uliotarajiwa kufanyika mwezi Mei, ulisogezwa hadi tarehe 7 Juni. Ugonjwa ambao binadamu hauguzi na ambao ng'ombe wengi wazima hupona ulisimamisha shughuli za nchi tajiri kwa sababu ya wasiwasi wa biashara kuliko sababu ya vifo.

Taiwan iliona jambo la namna hiyo hiyo. Ugonjwa huo uliingia katika nguruwe wake mwaka 1997, na soko la Japani, ambalo lilikuwa tegemeo la wafugaji wake, likafungwa mara moja. Mamilioni ya nguruwe waliuawa katika miezi michache, lakini Taiwan ilitambuliwa tena kuwa haina ugonjwa huo bila chanjo mwaka 2020. Mtoto aliyezaliwa wakati soko linafungwa alikuwa mtu mzima utambuzi huo ulipokuja.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti cha kiwango cha sumu. Zuio hilo lilidumu kwa siku zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, wala hapakuwa na mtu aliyedaiwa kutia sumu hiyo kwa makusudi. Hata hivyo, malori yalisimama mpakani, bei ikashuka upande mmoja, na mwenye gunia kumi za kuuza ili alipe ada ya shule aliuza kwa bei ya kutupa. Waraka mmoja ulitosha.

Tumeshuhudia pia kinachofuata soko la ng'ombe likifungwa kwa karantini. Anayeumia kwanza si mwenye kundi kubwa, ambaye anaweza kusubiri, bali mwenye ng'ombe watatu aliyekuwa amepanga kumuuza mmoja Jumamosi. Wanaofuata ni mchinjaji, mchuna ngozi, kijana wa bodaboda, mama wa chai na chapati pembezoni mwa mnada, na wilaya inayotegemea ushuru wa soko hilo. Kisha hufuata yale yanayotuhusu sisi moja kwa moja. Ng'ombe huanza kuvushwa usiku kwa njia za panya. Bei ya magendo huwavuta wezi wa mifugo, kwa kuwa mnyama asiye na kibali hafuatiliki. Vijana wa doria za vijiji hukutana gizani na wafanyabiashara wenye fimbo na mikuki, na asubuhi tunaitwa kupima nyayo na kuandika majina ya majeruhi. Ndiyo maana, ingawa sisi si wataalamu wa mifugo, tunasema kwamba ugonjwa wa ng'ombe ni suala la usalama.

Tishio lisilo na ugonjwa

Mnamo tarehe 10 Mei 2005 barua ilifika katika ofisi ya Waziri Mkuu wa New Zealand. Mwandishi wake alidai kuwa ameachilia vimelea vya ugonjwa wa miguu na midomo katika kisiwa cha Waiheke, karibu na jiji la Auckland, na kwamba angerudia mahali pengine kama asingepewa fedha na kama sera ya kodi isingebadilishwa. Polisi waliona tangu mwanzo kwamba huenda ni uongo. Lakini nchi ile huishi kwa kuuza maziwa na nyama ng'ambo. Miaka miwili tu kabla ya hapo, benki kuu na hazina yake zilikuwa zimekadiria kwamba mlipuko wa ugonjwa huo ungeipotezea nchi dola za huko zipatazo bilioni 6 katika mwaka wa kwanza na bilioni 10 kufikia mwaka wa pili.

Serikali ilifanya jambo ambalo wengi wangeliogopa: haikuficha. Iliwaarifu wenyewe washirika wake wa biashara, ikazuia mifugo na mazao yake kutoka kisiwani, na kuwatuma madaktari wa mifugo kukagua wanyama mmoja mmoja, tena kwa kurudia, hadi muda wa ugonjwa kujitokeza ulipopita. Hakupatikana hata mnyama mmoja mgonjwa. Thamani ya fedha yao iliyumba kwa muda mfupi kisha ikatulia, kwa sababu wanunuzi waliamini wanachoambiwa.

Hapa tunaona ile hesabu ya mhalifu. Hana haja ya kuwa na ugonjwa. Anachohitaji ni nchi isiyojua hali ya mifugo yake, hivyo isiyoweza kumhakikishia mtu yeyote kwamba barua ile ni ya uongo. Daftari la daktari wa mifugo na kibali cha kusafirisha ng'ombe, vitu ambavyo wananchi wengi huviona kama usumbufu wa ofisini, ndivyo vitakavyotuwezesha kusema kwa ushahidi: wilaya hii ilikaguliwa juzi na ni salama.

Kakao ya Bahia

Tukio tunalolikumbuka zaidi katika mafunzo yetu ni la Brazil, nalo linawahusu kwa karibu ndugu zetu wa Bundibugyo na wa Beni wanaoishi kwa kakao.

Jimbo la Bahia lilikuwa kitovu cha kakao ya Brazil, nchi iliyokuwa ikivuna karibu tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwezi Mei 1989, katika eneo la Uruçuca, mkulima aliona matawi ya mkakao yamechipua ovyo na kukauka kama fagio la mitishamba. Wabrazili huuita ugonjwa huo "ufagio wa mchawi". Ulikuwa ukijulikana miaka mingi katika msitu wa Amazon, lakini Bahia iko mbali sana na Amazon na kati yao kuna eneo kubwa kame ambamo mkakao haumei. Haukupita muda mrefu ugonjwa ukaonekana tena Camacã, mbali na pale pa kwanza. Watu walianza kunong'ona, na walikuwa na sababu: ugonjwa ulikuwa umeruka umbali mkubwa, ukatua katikati ya mashamba, tena katika sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Miti ya mwanzo ilikatwa na kuchomwa ili kuuzuia ugonjwa, lakini haikusaidia. Katika muda wa miaka kumi hivi mavuno ya Brazil yalishuka hadi takriban theluthi moja ya yale ya zamani, na nchi iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kakao ikaanza kuinunua kutoka nje. Watu zaidi ya 200,000 wanakadiriwa kupoteza kazi. Familia za vibarua ziliondoka mashambani na kujazana katika mitaa ya mabanda ya Itabuna na Ilhéus. Baadhi ya wenye mashamba, wakiwa na madeni ya benki waliyokopa ili kupambana na ugonjwa, walikata na kuuza miti mikubwa ya msitu iliyokuwa ikiwapa mikakao kivuli. Kwa hiyo mali iliyobaki, yaani msitu wenyewe, nayo ikaliwa.

Mwaka 2006, yaani miaka 17 baadaye, mtu mmoja alijitokeza katika jarida la Brazil akidai kwamba yeye na wenzake walileta ugonjwa huo kwa makusudi ili kuvunja nguvu za kisiasa za wenye mashamba makubwa. Aliowataja walikana. Polisi walichunguza, lakini wangechunguza nini? Miti ya kwanza ilikuwa majivu tangu zamani. Mashahidi walikuwa wametawanyika, wengine wamefariki. Muda wa kisheria wa kushitaki ulikuwa umepita. Hadi leo wapo wanaoamini kwa moyo wote kwamba ilikuwa hujuma, na wapo wanaoamini kwamba miche au mzigo uliobebwa na mtu asiyejua ndio uliouleta. Hakuna mahakama iliyotoa hukumu.

Sisi kama polisi huiona hasara hiyo ya mwisho kuwa kubwa karibu sawa na ya kakao. Watu wa Bahia walipoteza mali, kisha wakapoteza hata uwezo wa kujua nani aliwafanyia hivyo, kama kweli yupo. Jirani alibaki akimshuku jirani kwa kizazi kizima. Ushahidi ambao ungeliweza kumtia mtu hatiani, au kumsafisha asiye na hatia, ulikuwapo katika siku chache za mwanzo tu.

Nini cha kufanya hapa kwetu

Ufagio wa mchawi haujathibitishwa barani Afrika, na tungependa ibaki hivyo. Mtu akikuletea mche, mbegu au kipande cha mmea kutoka nchi za mbali, hata kama ni mwanao aliye masomoni huko na nia yake ni njema kabisa, usikipande kabla maafisa wa kilimo hawajakiona.

Kuhusu dalili za hujuma, tuwe wakweli: mwananchi hawezi kuzitambua kwa macho, wala askari hawezi. Ng'ombe aliyeambukizwa na adui na aliyeambukizwa malishoni hutoa udenda ule ule. Yapo mambo yanayotufanya tuchunguze zaidi, kwa mfano ugonjwa usiowahi kuonekana katika eneo lote, au mlipuko katika sehemu kadhaa zisizo na uhusiano wa soko wala malisho, au tishio lililotangulia kwa barua, simu au maneno ya kilabuni. Kuyapima mambo hayo ni kazi ya maabara na ya wapelelezi. Kazi ya mwananchi ni nyepesi kuliko hiyo lakini ina uzito wa kipekee, kwa kuwa inafanyika siku ya kwanza: amwarifu daktari wa mifugo au afisa kilimo, mwenyekiti wa kijiji, au kituo cha polisi kilicho karibu, asimhamishe mnyama yeyote, mgonjwa wala mzima, asichune wala kuugawa mzoga. Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikitoka puani au kwenye haja kubwa usipasuliwe kabisa, maana kimeta huua na binadamu. Akikuta chombo, chupa au kifurushi asichokifahamu zizini au shambani, akiache kilipo, awazuie watoto na mbwa wasikikaribie, na atuite.

Sasa tuseme lile ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Katika ukanda wetu huu, neno "wametuletea ugonjwa" lina historia chungu. Hutamkwa juu ya wachungaji wahamao, juu ya wakimbizi, juu ya watu wa ng'ambo ya mto ambao tunaoleana nao na kuzikana nao. Neno hilo likitoka kinywani mwa mtu mwenye heshima, huchukua jioni moja tu kabla vijana hawajashika fimbo. Atakayemshambulia mtu, kuchoma zizi lake au kuwakatakata ng'ombe wake kwa tuhuma hiyo atashitakiwa kama mhalifu mwingine yeyote, na hatutakubali hoja kwamba alikuwa akilinda uchumi wa taifa. Zaidi ya hayo, atakuwa amemsaidia yule yule adui kama yupo. Mchungaji anayeogopa kupigwa hataripoti ng'ombe wake mgonjwa. Atamvusha usiku, na ugonjwa utavuka pamoja naye. Anayemshuku mtu atuletee shaka yake sisi, kwa siri akitaka, akieleza alichokiona kwa macho: siku gani, mahali gani, gari gani, na si kabila gani.

Nasi tunakiri upande wetu. Wapo wananchi wanaokikwepa kituo kwa kuhofu kuzungushwa, au kuombwa "kitu kidogo" ili taarifa iandikwe. Kuandikisha taarifa hakulipiwi. Anayeombwa chochote amwendee mkuu wa kituo, na asiporidhika apande ngazi inayofuata.

Swali la mwisho ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mkutano, mtu akiwa ametuvuta pembeni, ni hili: "Afande, nikiripoti, si watakuja kuwaua ng'ombe wangu wote?" Picha za Uingereza za mwaka 2001, za mizoga ikichomwa mashambani, zimewafikia wengi. Katika nchi zetu, ambako ugonjwa wa miguu na midomo ni wa kawaida, hatua zinazochukuliwa kwa desturi ni karantini na chanjo, si kuua kundi zima. Kundi litafungiwa lilipo kwa muda, maziwa na nyama havitatoka, na hilo litauma, hatutalificha. Lakini taarifa ikifika siku ya kwanza kinachofungwa kinaweza kuwa zizi moja au kijiji kimoja; ikifika baada ya mnada wa Jumamosi, hufungwa wilaya nzima, na wilaya za ng'ambo nazo hufunga milango yao. Mtu akituuliza hivyo, nasi humwuliza mnada unaofuata ni lini, kisha tunafuatana naye hadi kwa daktari wa mifugo siku ile ile.